Upinzani, Ukinzani au Uzito? Tafsiri ya Maelekezo ya Mitambo ya Mazoezi ya Baiskeli

Mtambo wa kufanyia mazoezi ya baiskeli ndani ya nyumba si kitu cha kigeni tena katika michezo. Tarehe 9 Desemba 2020 yalifanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya kuendesha baiskeli kwa mitambo hiyo, kila mshindani akiwa mahali pake, na kwa upande wa wanawake mshindi alikuwa Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, yakiwa ya kwanza ya aina hiyo katika Afrika. Mchezo huu umekwisha kutufikia, na maelekezo ya vifaa vyake hayana budi kufasiriwa. Katika makala haya tunakusudia kuchambua sehemu moja tu ya maelekezo hayo: ile imwambiayo mtumiaji afanye nini pedali zinapokuwa nzito mara na nyepesi mara, bila sababu ionekanayo.

Tuchukue sentensi ya mfano, kama ambavyo mfasiri afuataye neno kwa neno angeiandika: “Mkufunzi janja wako akionyesha upinzani wa kigeugeu, msawazishe.” Kila neno humo ni la Kiswahili, wala sarufi haina kasoro. Hata hivyo msomaji asiyekwisha kuuona mtambo wenyewe atadhani anasoma habari za mwalimu mwerevu aliyejiunga na chama cha siasa.

Kosa la kwanza ni jina. Mkufunzi ni mtu. Kitu tunachokizungumzia ni mtambo ambao juu yake baiskeli hufungwa, ama gurudumu la nyuma likigusa rola, ama gurudumu hilo likiondolewa na mnyororo kuvishwa kwenye gia za mtambo wenyewe. Neno “janja” limekwisha kuzoeleka katika simu, nasi hatuna ugomvi nalo huko. Lakini hapa halimwelezi fundi lolote. Mtambo huu hutofautiana na ule wa zamani kwa jambo moja: hubadilisha wenyewe uzito wa pedali kwa kufuata amri ya programu. Kwa hiyo twapendekeza “mtambo wa mazoezi unaojirekebisha”. Jina ni refu, lakini linasema kazi.

Kosa la pili ndilo lenye madhara makubwa zaidi. “Upinzani” ni neno la watu na hoja zao, na tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi Tanzania mwaka 1992 maana yake ya kisiasa imezidi kukomaa. Wako watakaosema basi tutumie “ukinzani”, neno lililokwisha kukubalika katika fizikia. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini wanafunzi wetu wamefundishwa ukinzani kuwa ni tabia ya waya kuuzuia mkondo wa umeme, nayo hupimwa kwa omu. Ndani ya mitambo mingi ya aina hii mna sumaku ya umeme iliyo karibu na gurudumu zito ambalo mafundi huliita flaiwili. Chuma kinapozunguka mbele ya sumaku, mikondo midogo ya umeme huzaliwa ndani yake, na mikondo hiyo hulivuta gurudumu nyuma bila kitu kuligusa. Fundi aambiwaye kuwa “ukinzani si thabiti” atachukua mita, atafungua mtambo, na atapima waya wa sumaku hiyo. Ataukuta mzima, na huenda wakati huo huo chanzo ni tairi lililopungua upepo likawa linateleza juu ya rola. Mwenye mtambo atakuwa amelipia kazi isiyohitajika, na mtambo usio mbovu utakuwa umefunguliwa.

Waendesha baiskeli wetu wana neno lao siku zote: husema pedali ni nzito, au ni nyepesi. Tunaona inafaa “uzito wa pedali” litumike kwa kile akisikiacho mpandaji mguuni, “kani ya breki ya sumaku” kwa kile kitolewacho na mtambo, na “ukinzani” liachiwe umeme. Walimu wa fizikia watatukumbusha kuwa uzito ni kani ya mvutano wa dunia. Ni kweli, lakini nyongeza ya “wa pedali” yatosha kuzuia mkanganyiko.

Kutenganisha huku hakutokani na upendo wa maneno. Mtambo ukiwekwa katika hali ya kushika kiwango kimoja cha wati, tuseme wati 200, na mpandaji akapunguza mizunguko yake kutoka 90 hadi 60 kwa dakika, kani itakiwayo kwenye pedali huongezeka kwa nusu nzima. Mpandaji atalalamika kuwa mtambo ni kigeugeu, na kumbe mtambo umetii amri. Mfasiri aliyekwisha kuandika “hitilafu” atakuwa amehukumu kabla ya uchunguzi. Yafaa aandike “dalili”, kisha aziorodheshe sababu.

Mwisho ni “kusawazisha”. Asomaye neno hilo ataleta pimamaji aweke mtambo ulale sawa sakafuni. “Kuhakiki” nako hakutoshi, kwani kuhakiki mizani ni kuthibitisha kuwa inapima kwa usahihi. Hapa mpandaji hupasha mtambo moto kwa dakika kama 10, huuzungusha hadi kasi iliyotajwa, kisha huacha kukanyaga. Kompyuta hupima muda wa gurudumu kupungua kasi na kuutumia kukadiria msuguano. Hiyo ni “kurekebisha kipimo”.

Sasa tuiandike upya: “Uzito wa pedali ukibadilikabadilika bila wewe kubadilisha mwendo, jaza tairi upepo kama ilivyoelekezwa na uangalie kama linateleza kwenye rola. Pasha mtambo moto, kisha rekebisha kipimo. Hakikisha ni programu moja tu inayoupa mtambo amri. Sogeza kompyuta karibu na mtambo, mbali na kifaa cha intaneti, kwa kuwa vyote huweza kutumia mawimbi ya gigahezi 2.4.” Ni maneno mengi kuliko ya awali, lakini kila sentensi inaupa mkono kazi ya kufanya.

Twawasihi wafasiri, kabla ya kufungua kamusi, wajiulize msomaji atashika chombo gani baada ya kulisoma neno. Neno limpalo bisibisi mtu aliyehitaji pampu halijawa istilahi, hata kama limo katika orodha.