Kete Sitini na Nne

Nilimuuliza mzee: kete ya mwisho ikiishia kwenye nyumba, mchezaji hufanya nini?

"Husafiri," akajibu bila kuinua macho ubaoni.

"Kila mara?"

"La. Akitaka, hulala."

"Atajuaje lini alale na lini asafiri?"

"Mwanangu, wewe keti ucheze. Utajua tu."

Utajua tu. Hapo ndipo niliposhindwa, maana niliyekuwa nikimfundisha bao hakuwa mtu. Kilikuwa kipakatalishi cha mtumba, kifuniko kimekwaruzika, nilichokipakata barazani pale Garsen huku magari ya Lamu, Hola na Malindi yakipita na vumbi lao. Mimi ni mwanafunzi wa programu, na nilitaka kuliweka bao kwenye simu. Nilidhani kazi yangu ingekuwa kuchora ubao na kuzipa kete rangi ya kijivu ya komwe.

Ubao haukunisumbua. Safu nne, kila safu mashimo manane, kete 64, kila mchezaji 32. Mwanzoni kila mmoja huweka kete 6 kwenye nyumba, shimo lake kuu, mbili mbili katika mashimo mawili ya kuume, na 22 zilizobaki hukaa mkononi, ziingie moja moja wakati wa namua, awamu ya kwanza ya mchezo. Hayo yanahesabika, na kinachohesabika mashine hukipokea bila ubishi. Kilichonitoa jasho ni lile neno "akitaka". Siku tatu programu yangu ilisafiri mahali ilipopaswa kusimama. Mwishowe nilikaa kando ya wachezaji na daftari, nikiandika kila mkono ulikokwenda, hadi nikaona: wakati wa namua aliyekula ana hiari ya kulala, yaani kuishia hapo, au kusafiri, yaani kuzigawa kete za nyumba, lakini anayetakata, yaani anayegawa tu kwa kukosa cha kula, akifika kwenye nyumba yake ambayo haijavunjwa, husimama. Mzee hakunificha tofauti hiyo. Vidole vyake vilikuwa vikiijua miaka yote; ulimi ndio haukuwahi kuulizwa.

Wako wanaoisifu kazi ya programu kwa kasi ya mashine na akili yake. Mimi naisifu kwa ujinga wa mashine. Binadamu ukimwambia jambo nusu, nusu ya pili huijazia mwenyewe kwa adabu, nanyi mkaachana kila mmoja akidhani ameelewana na mwenziwe. Mashine haina adabu hiyo. Hutenda ulilosema, si ulilokusudia, na aibu inabaki kwako. Ndiyo sababu fundi wa programu hulazimika kuwa msikilizaji kabla hajawa mwandishi. Huwaendea wanaojua, akauliza maswali ya kitoto, akavumilia kuchekwa, mpaka yale yaliyokaa mikononi mwa watu yapate maneno.

Shuleni sikulijua hilo. Katika somo la Kompyuta la KCSE kuna karatasi ya mradi: baraza la mitihani hukupa maelezo ya shirika fulani, nawe unaunda mfumo wa kutunza kumbukumbu zake. Ni zoezi zuri, nami nililipenda. Ila pale swali huja limekwisha kuchambuliwa, limepigwa chapa, halina mtu wa kulibishia. Nilitoka shuleni nikijua kujibu. Kuuliza nilifundishwa na bao.

Na bao halikunifundisha hilo tu. Usiku mmoja programu iliganda. Kete zilizunguka ubao, zikazunguka tena, feni ya kipakatalishi ikilia kama nyuki, na zamu haikwisha. Kitanzi kisicho na mwisho, ugonjwa wa kwanza wa kila anayejifunza kazi hii. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeanza kugawa kete kutoka kichwa, shimo la mwisho wa safu, kisicho sahihi. Lakini katika kulitafuta kosa hilo nilikuta jambo lililonishangaza. Watafiti watatu, Jeroen Donkers, Alex de Voogt na Jos Uiterwijk, wameonyesha kwamba bao lenyewe, likichezwa kwa sheria zake zote, linaweza kuzaa mwendo usiokoma. De Voogt ndiye yule aliyekaa na mabingwa wa bao wa Unguja katika miaka ya 1990 akiwachunguza wanavyofikiri.

Nikampelekea mzee habari hiyo. Akacheka. "Mkono wa mtu huchoka," akasema. "Hicho chako hakichoki?"

Ikanibidi niifundishe mashine kuchoka: nikaiwekea kikomo cha mizunguko. Hakuna mstari ninaojivunia kuliko huo.

Mradi wangu wa pili ulihusu mto. Huku kwetu Tana ndio saa na kalenda. Maji huja na habari za mbali: mvua hunyesha Mlima Kenya na Aberdare, mabwawa yakajaa kuanzia Masinga, lililomalizika mwaka 1981, hadi Kiambere, kisha siku kadhaa baadaye mto unavimba kupita Garissa, Hola, mpaka kwetu kwenye delta. Tuliona El Niño ya 1997, tukaona 2018, na mwishoni mwa 2023 barabara ya Lamu ikakatwa na maji. Nikatengeneza programu ndogo ya simu ya kupashana habari za mto, na katikati ya kioo nikaweka kitufe chekundu kilichoandikwa "Hatari".

Nikamwonyesha mama mmoja mkulima wa mpunga. Akakitazama kitufe kile, akaniuliza, "Hatari kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza kama anayemweleza mgeni. Maji yanayopanda taratibu yakashuka kwa wakati wake huacha udongo mpya na unyevu, na hapo ndipo mpunga hupandwa. Yasipokuja, hiyo ndiyo hatari. Yakija kwa ghafla usiku, au yakikawia kuondoka hadi miche ioze, hiyo ni hatari nyingine. Baadaye mfugaji mmoja wa Kiorma aliniuliza lake: maji yamefika wapi, na njia ya kuhamishia ng'ombe iko wazi bado? Mto mmoja, maswali mawili, na kitufe changu hakikujibu hata moja.

Nikakifuta. Mahali pake nikaweka mambo matatu: maji yamefika wapi, yanapanda au yanashuka, tangu lini. Neno la hatari nikamwachia kila mtu alitamke mwenyewe.

Bao lilipokamilika nilimpelekea mzee simu. Akacheza kwa kidole kimoja, polepole, akinuna kwa kukosa mlio wa kete. Katikati ya mchezo mashine ikala, ikagawa, ikafika kwenye nyumba, ikalala.

Mzee akainua kichwa. "Mbona imelala hapa?"

Shetani akaniambia nimjibu, "Cheza, babu, utajua tu." Nikajizuia. Nikafungua kipakatalishi nikamwonyesha msimbo. Majina yote nilikuwa nimeyaandika kwa lugha ya ubao: namua, takata, lala, safiri. Akavaa miwani, akasoma kwa kidole kama asomaye barua ya mwanawe aliye ng'ambo, akisimama penye vineno vya Kiingereza ili nimfasirie. Ikiwa. Vinginevyo. Mpaka. Alipofika kwenye mstari unaoamua lini mashine ilale, kidole kikatulia, akasoma mara ya pili akitikisa midomo.

"Hapa," akasema, akiugonga ule mstari kwa ukucha, "hapa umesahau kuuliza mwenzako amebakiwa na ngapi mkononi."

Nikachukua daftari.