Kafara ya Ubavuni

Mwenye kete nyeupe anasogeza askari wake e4. Mwenye nyeusi anajibu c5, na Ulinzi wa Sisilia umeanza. Hapo wachezaji wengi wa sataranji humtoa farasi f3 hata kabla ya kufikiri, kisha mkondo unawachukua: Najdorf, Dragon, Sveshnikov, kila mmoja na shehena yake ya vitabu. Wachache, tena wachache sana, humshika askari anayesimama mbele ya farasi wa kushoto na kumpeleka b4, mahali ambapo hana mlinzi na ataliwa papo hapo. Hiyo ndiyo Gambiti ya Ubavuni. Vitabu huitaja kwa mkato, kompyuta haziipendi, na mabingwa wa leo huikwepa. Mimi naicheza, na leo nataka kuisifu.

Uzuri wake hauonekani mpaka uielewe kwanza hoja ya Sisilia yenyewe. Huu ni ulinzi wa siku nyingi. Mwitaliano Giulio Polerio aliuandika mwishoni mwa karne ya 16, na karne nne baadaye Bobby Fischer na Garry Kasparov waliutegemea kila walipotaka ushindi na si sare wakiwa na nyeusi. Askari wa c5 anauchunga mraba wa d4 akiwa pembeni. Nyeupe zikisukuma askari d4, wawili hao wanalana, na mwenye nyeusi anajikuta ameuza askari wa pembeni akapata wa katikati. Juu ya faida hiyo anapewa nyongeza: safu ya c inafunguka kwa ajili ya ngome yake. Ni biashara nzuri, ndiyo maana ulinzi huu haujafa.

Gambiti ya Ubavuni inaitibua biashara hiyo tangu hatua ya pili. Askari wa c5 akila b4, ameliacha lindo lake. Sasa nyeupe zinaweza kuweka askari wawili bega kwa bega, e4 na d4, na hakuna askari wa c wa kuwasumbua. Kisha inafuata a3, kumuuliza mgeni wa b4 kama anataka kuendelea kula. Akila tena, kete nyeupe zinatoka upesi na ngome ya a1 inafunguliwa safu yake hata kabla haijahamishwa. William Davies Evans, nahodha wa meli kutoka Wales, alikuwa na wazo la ukoo huohuo katika miaka ya 1820, alipomtoa askari wa b4 dhidi ya askofu aliyesimama c5 katika ufunguzi wa Kiitaliano. Gambiti yake ilikuja kuwa kipenzi cha karne nzima. Hii ya Sisilia haikupata bahati hiyo, ingawa Frank Marshall, bingwa wa Marekani kuanzia 1909 hadi 1936, hakuona haya kuicheza.

Ukiwauliza wanaocheza vichochoro vya namna hii kwa nini wanavipenda, wengi watakutajia mambo mawili: wanamshtua mpinzani, na wanaepuka kusoma. Sizipendi sababu hizo. Mshtuko unafaa mara moja. Ukikutana na mtu yuleyule mwezi ujao, amekwisha kujiandaa. Njia ya mwongo ni fupi. Na anayekimbia kusoma hafiki mbali, kwa sababu kichochoro kina mashimo yake, na mengine yanamsubiri mwenye nyumba.

Shimo maarufu kuliko yote lilionekana Berkeley mwaka 1984, katika michuano ya ubingwa wa Marekani. Kamran Shirazi, mzaliwa wa Iran na mchezaji hodari wa mashambulizi, alimwekea Jack Peters askari wa b4. Peters akala. Shirazi akasogeza a3. Peters hakula tena. Alipiga katikati kwa d5. Askari wakalana hapo, na malkia mweusi akasimama d5. Shirazi akaona askari wa b4 bado yupo, akamla. Malkia akaruka hadi e5. Kutoka hapo alimtishia mfalme kwenye safu iliyo wazi, na papo hapo akaitazama ngome ya a1 kwa mshazari ambao nyeupe zenyewe zilikuwa zimeufagia kwa kumtoa askari wa b. Hatua tano tu, na mchezo ukaisha. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Napenda kuufikiria mchezo huo kwa sababu unaonyesha ufundi unaanzia wapi. Baada ya malkia kufika d5, hatua sahihi ni farasi f3. Haichukui kitu wala haimtishi mtu. Inauziba tu mraba wa e5 kwa malkia. Mwenye nyeupe aliyekwisha kutoa askari, na ambaye mkono unamwasha kumrudisha, lazima atulie na kulinda mraba mtupu. Nyeusi hujibu askari e5. Ndipo nyeupe zinakula b4, na askofu mweusi anakula b4 kwa zamu yake. Sasa farasi wa pili anatoka kwa njia ambayo walimu wote huikataza, pembeni kabisa, a3. Askofu akimla, askofu mweupe anachukua nafasi yake na kuushika mshazari unaoishia f8. Mfalme mweusi hawezi kujificha upande huo mpaka kete nyingine iuzibe mshazari, na kete itakayouziba itakuwa imefungwa kazi ya ulinzi.

Nyeupe zimepungukiwa askari mmoja, na hakuna mahali pa kummaliza mpinzani kwa mkupuo. Kilichopo ni askofu mwenye mshazari mrefu, safu ya a, na mfalme wa upande wa pili aliyechelewa kupata hifadhi. Vitu hivyo havihesabiki kwa vidole, tena vinayeyuka. Ukipoteza zamu moja kwa hatua isiyo na kazi, askofu anazibwa, mfalme anaingia ndani, na askari uliyemtoa anabaki kuwa pengo tupu. Mchezaji wa gambiti hii anaishi kama mtu mwenye deni dukani: kila siku lazima ifanye kazi. Sijui ufunguzi mwingine unaomfundisha mtu thamani ya zamu kwa ukali wa namna hii.

Aliyeielewa nidhamu hiyo kuliko wengine ni Paul Keres wa Estonia. Ujanani alicheza michezo mingi kwa njia ya posta, akizijaribu funguzi za hatari kwenye barua, ambako muda wa kufikiri ni siku na si dakika. Mwaka 1937, akiwa na miaka 21, alikutana na Erich Eliskases katika michuano ya Semmering na Baden, nchini Austria. Keres hakukimbilia b4. Alimtoa kwanza farasi f3, akangoja. Eliskases akajibu d6, hatua ya kawaida kabisa katika Sisilia. Ndipo b4 ikaja. Kungoja huko kulikuwa na maana: dawa ya gambiti hii ni d5, na askari aliyekwisha kusimama d6 akitaka kufika d5 atakuwa ametumia hatua mbili kwa safari ya hatua moja. Zaidi ya hayo farasi wa f3 tayari anaulinda mraba wa e5, ule uliomponza Shirazi. Keres alishinda mchezo huo, na michuano yenyewe akaibeba mbele ya Capablanca, Reshevsky na Fine. Kafara ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni wakati wa kuitoa.

Sidai kwamba b4 ni hatua bora. Mwenye nyeusi anayejua kazi yake anabaki na askari wa ziada na nafasi nzuri, na kwenye meza za mabingwa hilo linatosha kukuzika. Lakini wengi wetu tunacheza na watu wa kiasi chetu, na ubora wa hatua kwetu hupimwa pia kwa maswali inayotulazimisha kuyajibu. Nimecheza Sisilia ya kawaida nikasonga mbele kwa kumbukumbu, bila kujua kwa nini kete zangu zinakaa zilipokaa. Katika b4 sijawahi kupata anasa hiyo.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na nyeusi siku moja na mtu akakuwekea askari b4, mle bila wasiwasi. Akisogeza a3, usile tena. Piga d5, na malkia wako akishafika hapo utazame mraba wa e5. Nakupa dawa yote mkononi, hata kama mtu huyo atakuwa mimi. Ufundi unaosimama kwa sababu tu mwenzako hajui, haustahili sifa nilizoumwagia hapa. Nitajibu farasi f3, na tutaanza kucheza.