Roshani Iliyotupa Kisogo

Kosa la Evita, mchezo wa muziki ulioongozwa na Jamie Lloyd, linajulikana mahali lilipo. Ni pale sehemu ya pili ilipoanza, Rachel Zegler, aliyeigiza Eva, alipotoka nje kuimba kwenye roshani ya ukumbi na kutuacha sisi wa ndani tukimtazama kwenye skrini. Mengine yote tunaweza kuyabishania. Hili lilikuwa kosa, na sifa zilizomwagwa London kiangazi kizima cha 2025 hazikulipunguza uzito.

Nilikwenda ukumbi wa Palladium na mama yangu, binti yangu, na dada yangu anayeishi huko. Binti alikwisha hifadhi nyimbo zote. Mama hakuujua mchezo, ila kisa cha Eva Perón, mke wa rais wa Argentina aliyefariki akiwa na miaka 33 kilimwingia nilipomsimulia njiani. Mapumziko yakaisha, taa zikafifia, okestra ikajaa, skrini ikateka jukwaa. Zegler yule, wigi ya rangi ya dhahabu, gauni jeupe, juu ya barabara ya Argyll, na chini yake umati umeinua simu. Mama akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Yuko wapi?"

Nikamwambia yuko nje.

"Na sisi?"

Sijasoma tahakiki iliyouliza swali zuri kuliko hilo. "Don't Cry for Me Argentina", wimbo wa roshani ile, ni hotuba ya mtu anayejua kuwateka watu, na watunzi wake, Andrew Lloyd Webber na Tim Rice, waliitega kwa ustadi. Mapema kabisa, katika "Oh What a Circus", Che, msimulizi wa mchezo, anaimba muziki huo huo kwa dharau na uchungu. Anatuonya. Sikio linaupokea muziki kabla halijajua utakuwa wa nani. Baadaye Eva anaurudia polepole, kwa unyenyekevu, na sisi tulioonywa tunalainika. Machozi yanatulenga kwa ajili ya mtu tuliyekwisha ambiwa tusimwamini. Hapo ndipo tunapotiwa hatiani, tukiwa kwenye viti vyetu, na kuanzia hapo kila linalofanywa kwa jina la umati tuna fungu letu ndani yake. Ukiondoa hatia hiyo, nusu ya pili ya mchezo inabaki habari ya wanasiasa wa nchi ya mbali.

Lloyd aliiondoa. Mtego akaupeleka kwa watu wengine, sisi tukawa mashahidi wa umati mwingine ukilainishwa. Shahidi hulala usingizi mwema.

Najua utetezi wake. Wanaomtetea wanasema waliolipa, wengine zaidi ya pauni 200 kwa tiketi, ndio matajiri wanaofungiwa, na wapita njia ndio wale wanyonge waliompenda Eva, wanaopewa wimbo bure. Hoja hiyo inavutia ukiisikia mara ya kwanza. Lakini wanyonge wa Buenos Aires walikuja uwanjani wakiwa na njaa na madai. Waliosimama Argyll saa tatu usiku walikuja kwa sababu habari zimeenea kwamba nyota wa filamu atatokea pale juu. Che hakuwaonya, hawakuusikia muziki ule ukiimbwa kwa dharau, hawamjui Rais Perón wa mchezo huu. Walipata wimbo bila kisa chake. Kuwaita umma wa Argentina ni kuwatumia kama mapambo.

Halafu kuna kamera. Nimeipinga kamera jukwaani kwa miaka, na sitaacha. Jukwaani macho ni yangu: naweza kumwacha Eva nikamtazama Perón, au Che pembeni anavyokunja uso. Kamera hunichagulia. Ilimsogelea Zegler hadi uso ukajaa skrini, chozi likawa kubwa kuliko mtu. Binti yangu alilia. "Baba, lakini mimi nimeguswa kweli," aliniambia baadaye, na namwamini. Aliguswa na Zegler, kama tunavyoguswa sinemani. Eva hakuwa na nafasi katika kilio hicho.

Mwaka 2023, ukumbi wa Savoy, Lloyd alimtoa Tom Francis barabarani na kamera katika Sunset Boulevard, nami safari ile nilikubali, kwa sababu kisa kile ni cha Hollywood na skrini ndiyo maradhi ya mhusika wake mkuu, Norma Desmond. Kilichokuwa hoja kule, huku kimekuwa mazoea.

Hal Prince, mwongozaji wa kwanza wa Evita jukwaani, naye alitumia skrini, na hili wanaomtetea Lloyd hulisahau. Ukumbi wa Prince Edward, 1978: skrini ilibeba picha halisi za Eva Perón, marehemu. Aliye hai, Elaine Paige, alikuwa pale pale jukwaani, roshani yake imetuelekea sisi, nasi tukawa uwanja wa Casa Rosada, ikulu ya Argentina, bila kuombwa. Mwaka uliofuata Patti LuPone akasimama hivyo hivyo New York. Mwili mmoja mbele ya miili mingi. Prince alijua kwamba hiyo ndiyo mashine nzima ya wimbo ule.

Mama amekulia Zanzibar, kwenye taarab, ambako aliyeguswa na ubeti huinuka, akaenda mbele kwa madaha, akamtunza mwimbaji mkononi. Hatua zile chache kati ya kiti na mwimbaji ni sehemu ya wimbo. Mwimbaji Bi Kidude na ngoma yake alikuwa akiimba kama anayekudai wewe binafsi. Pale Palladium, mama angeinuka aende wapi?



Kinachoniuma zaidi ni kwamba mahali pa kumtoa Eva palikuwepo, mwishoni. Anayekufa anaiaga nchi kwa redio, na muziki wa roshani unarudi umechoka. Hapo mwili unamkimbia, inabaki sauti inayosafiri. Mpeleke nje hapo. Mweke mbali nasi, mfanye mdogo, tumkose. Tungekuwa tumekwisha kuwa naye ana kwa ana, tumekwisha danganyika, na umbali ule ungetukata. Lloyd aliutumia umbali mapema, na dakika ya kuhitajiwa ilipofika tulikuwa tumeuzoea.

Tulipotoka, mama alisimama Argyll akauliza roshani ni ipi. Binti akamwonyesha. Akaitazama kitambo, mkono juu ya bega la mjukuu wake.

"Kumbe tungesimama hapa," akasema.

Dada yangu akamwambia kwamba hapo asingeuona mchezo. Mama akasema angalau yule mwanamke angemwimbia yeye.