Jinsi Kumbukumbu ya Muda Mfupi Inavyopekuliwa: Uchambuzi wa Jaribio la Mwaka 1966

Kumbukumbu ya muda mfupi, yaani ile akiba ndogo ya akili inayoshika mambo machache kwa sekunde chache kabla hayajatumika au kupotea, ni ngumu kuchunguzwa kwa sababu hata mwenye kuitumia hajui anachokifanya ndani yake. Mtu anayeulizwa kama jina fulani lilikuwamo katika orodha aliyoisikia punde hujibu papo hapo, na akitakiwa kueleza jibu amelipataje, hana la kusema zaidi ya kwamba amekumbuka.

Kazi ya konda wa kosta inayotoka Makambako, mahali ambapo barabara ya Songea inachepuka kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, kwenda Njombe mjini inalionyesha tatizo hilo waziwazi. Abiria wanaopandia njiani hutaja watakaposhuka, konda huyashika majina hayo manne au matano kichwani, na gari likikaribia Kibena dereva huuliza, "Kibena kuna mtu?", naye hujibu "Shusha!" au "Hakuna, twende!". Jibu huwa sahihi karibu kila mara, na usahihi huo ndio unaomnyima mtafiti pa kushika, kwa kuwa wanasaikolojia walikuwa wamezoea kuichunguza kumbukumbu kwa kuhesabu yaliyosahauliwa, na hapa hakuna kilichosahauliwa.

Saul Sternberg, mtafiti wa maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, aliuvuka ugumu huo kwa kupima muda badala ya makosa. Wazo la kupima muda wa kufikiri lilikuwa la zamani: mwaka 1868 Mholanzi Franciscus Donders alikuwa amejaribu kukadiria muda wa hatua moja ya akili kwa kuchukua muda wa kazi yenye hatua hiyo na kutoa muda wa kazi isiyokuwa nayo. Udhaifu wa njia ya Donders ni kwamba hatua ikiondolewa huenda kazi nzima ikabadilika, na Sternberg aliukwepa kwa kutoondoa hatua yoyote, bali kuiongezea mzigo hatua ileile na kuangalia muda unaongezeka kwa kiasi gani.

Mshiriki alionyeshwa tarakimu moja baada ya nyingine, kila moja kwa sekunde 1.2, na idadi yake ilikuwa kati ya 1 na 6. Baada ya sekunde 2 ilitolewa ishara ya kumtahadharisha, kisha ikaonyeshwa tarakimu ya mtihani, naye akavuta wenzo mmoja ikiwa tarakimu hiyo ilikuwamo katika orodha au wenzo mwingine ikiwa haikuwamo, kwa haraka kadiri awezavyo bila kukosea. Makosa hayakufika 2 katika kila majibu 100. Muda wa kujibu, kwa upande wake, ulipanda kwa mstari ulionyooka: milisekunde zipatazo 397 za msingi, ambazo zinajumuisha kuiona tarakimu, kuamua na kuvuta wenzo, na juu yake milisekunde 38 kwa kila tarakimu iliyoshikwa kichwani, milisekunde moja ikiwa ni sehemu ya elfu ya sekunde. Mwendo huo ni wa tarakimu zaidi ya 25 kwa sekunde, kasi ambayo hakuna anayeweza kuifikia hata kwa kusema kimoyomoyo, kwa hiyo upekuzi huo si kujirudia orodha kwa sauti ya ndani.

Kiini cha jaribio kimo katika kulinganisha majibu ya ndiyo na ya siyo. Kama akili ingepekua orodha na kukomea pale inapokipata kinachotafutwa, jibu la siyo kwa orodha ya vitu 6 lingehitaji ulinganisho 6, wakati jibu la ndiyo lingehitaji wastani wa 3.5 tu, na mstari wa ndiyo ungepanda kwa nusu ya mwinuko wa mstari wa siyo. Mistari yote miwili ilipanda sawasawa. Sternberg alihitimisha kwamba upekuzi ni wa mfuatano, kitu kimoja baada ya kingine, na kwamba orodha humalizwa yote hata kama jibu limekwisha kupatikana katikati. Hitimisho hilo linaonekana kama ubadhirifu, lakini lina hesabu yake: ikiwa kulinganisha ni kwepesi na kusimama ili kukagua kama jibu limepatikana ni kuzito, basi ni nafuu kulinganisha vyote na kukagua mara moja tu mwishoni.

Hata hivyo, kipimo na tafsiri yake ni vitu viwili. Kuanzia miaka ya 1970 James Townsend alionyesha kihisabati kwamba upekuzi wa sambamba, ambao vitu vyote hulinganishwa kwa pamoja vikigawana nguvu yenye kikomo, unaweza kuzaa mstari uleule ulionyooka. Mwaka 1978 Roger Ratcliff naye alieleza muda wa kujibu kwa kielelezo ambamo ushahidi hujikusanya kidogokidogo kwa vitu vyote kwa wakati mmoja. Isitoshe, majaribio ya baadaye yaliona kwamba kitu cha mwisho katika orodha mara nyingi hutambuliwa haraka kuliko vya katikati, jambo ambalo upekuzi wa kumaliza orodha hauwezi kulieleza kwa urahisi. Mstari wa mwaka 1966 umebaki imara. Maelezo ya mfuatano ndiyo yaliyopoteza nguvu.

Kwa wasomaji wa Njombe na Makambako lipo swali lenye uzito wa pekee: je, kasi ya upekuzi hutegemea lugha ambayo orodha imeshikwa? Mwaka 1972 Patrick Cavanagh alibainisha kwamba aina ya vitu ambavyo mtu huweza kushika vichache tu kichwani ndiyo pia inayopekuliwa polepole zaidi, na watafiti wengine wameonyesha kwamba majina ya tarakimu yanayochukua muda mrefu kutamkwa hupunguza idadi inayoshikika. Mtoto anayezungumza Kibena au Kikinga nyumbani, Kiswahili shule ya msingi na Kiingereza sekondari anashika orodha zake kwa lugha zaidi ya moja, na kipimo chake hakipaswi kukisiwa kutokana na watu wa New Jersey. Jaribio lenyewe linahitaji kompyuta moja, vitufe viwili na chumba kimya, nalo linafaa kufanywa hapa na wanafunzi wa saikolojia na wa ualimu, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani.