Leo ni Leo: Mahubiri ya Ndani ya Matatu

Shuleni tulifunzwa vipera vya fasihi simulizi hadi tukavikariri kama sala: mighani, ngomezi, malumbano ya utani, mawaidha, ulumbi. Hakuna mwalimu aliyetutajia kipera ambacho mtu wa Nairobi hukisikiliza kuliko hivyo vyote, tena bila kukiomba. Naongea kuhusu mahubiri ya ndani ya matatu. Kina kila kitu ambacho mtihani wa KCSE unataka. Fanani yupo, amesimama katikati ya viti akishikilia chuma cha juu. Hadhira ipo na haina pa kukimbilia. Kuna fomyula ya kufungua, "Bwana asifiwe abiria wapendwa," na ya kufunga, ambayo ni sala ya toba halafu sadaka. Na kuna saa inayombana msanii: lazima amalize kabla gari halijafika steji.

Mimi husikiliza. Wenzangu huchomeka muziki masikioni, lakini mimi nataka kujua leo atatuingilia kwa mlango gani. Wazuri wao ni wazuri kweli. Kuna mzee wa Jogoo Road ambaye hushusha sauti pale wenzake wanapoipandisha, na gari zima linainama kumsikia, hata kondakta anaacha kudai nauli kidogo. Hiyo ni sanaa, bana.

Kasoro ya kipera hiki, kwa maoni yangu, imekaa ndani ya neno moja: leo. Mhubiri wa matatu hakuletei wokovu wa siku moja ukizeeka. Anataka uokoke sasa hivi, kabla ya steji inayofuata. Sina neno na hiyo. Wahenga wenyewe walisema leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Shida ni njia ya kutuharakisha, ambayo karibu kila siku ni ile ile. Ni ajali. Kulikuwa na gari kama hili, abiria kama nyinyi, asubuhi walikunywa chai wakaaga watoto. Unajua hadithi inaelekea wapi, na dereva pia anajua, maskini, na bado anatakiwa kuendesha.

Kama mbinu, ajali inafanya kazi haraka na kuisha haraka. Hofu ya barabara inabaki barabarani. Ukishakanyaga lami pale Ronald Ngala unakuwa umeokoka kwa namna nyingine, na ule mkono ulioinua unarudi mfukoni kutafuta simu.

Mbinu yenyewe ina ukoo mrefu. Jumapili tarehe 8 Oktoba 1871, mhubiri Dwight L. Moody alihubiri Chicago kuhusu Pilato na swali la afanye nini na Yesu. Akawapa wasikilizaji wake wiki moja waende wakafikirie jibu lao. Usiku huo moto mkubwa wa Chicago ukaanza. Ulipozimika, watu wapatao 300 walikuwa wamekufa na karibu 100,000 hawana makao. Moody alisimulia baadaye kwamba lile lilikuwa kosa lake kubwa, na hakuthubutu tena kumpa mtu wiki nzima ya kufikiria. Ukisikia hadithi hiyo vizuri, utaona kwamba anayehukumiwa ndani yake ni msimulizi mwenyewe. Moto ulimchoma yeye kwanza. Waliorithi mbinu yake wamebeba moto wakaacha kidonda.

Nimeona hilo mahali pabaya kuliko matatu. Tulimzika binamu yangu, kijana wa bodaboda, na mhubiri akapewa dakika zake kando ya kaburi. Akaanza kuuliza umati kama marehemu alikuwa ameokoka. Akauliza mara tatu, kila mara akinyamaza kidogo, akiachia swali lifanye kazi yake. Akasema mlango wa huyu umefungwa, wenu bado uko wazi, njooni mbele. Mikono ikainuka, mingi tu. Ukihesabu mikono, yale yalikuwa mahubiri ya kufana. Jioni tukiosha sufuria shangazi akanivuta kando akaniuliza, polepole, "Yule alikuwa anasema mtoto wangu ameenda wapi?" Nilikosa la kumwambia. Bado sina.

Kinachoniudhi kama msomaji ni kwamba maandiko yenyewe hayana umaskini huu. Chukua mstari ambao haukosi kwenye mahubiri haya, 2 Wakorintho 6:2, ule wa siku ya wokovu kuwa sasa. Paulo anamnukuu Isaya. Lakini anamwandikia nani? Si abiria walevi wa Korintho. Anaandikia kanisa, watu waliokwisha kubatizwa, ambao wamekosana naye, na mistari michache mbele anawaomba wamfungulie mioyo. "Sasa" ya Paulo inawaendea waliookoka tayari. Mhubiri akiisoma sawasawa, itabidi ajitazame kidogo kwenye kile kioo cha dereva.

Au chukua Feliki, liwali wa Kirumi katika Matendo 24. Paulo, mfungwa wake, anamzungumzia haki, kiasi na hukumu inayokuja. Feliki anaingiwa na woga, halafu anamwambia aende kwanza, akipata nafasi atamwita. Ni "njoo kesho" tunayoijua sote kutoka madirisha ya ofisi za serikali. Na Luka anatupa sababu bila kupaka rangi: jamaa alikuwa akingojea hongo. Akamwita Paulo tena na tena kwa miaka miwili, wakiongea tu, akamwacha kifungoni. Hapo kuna somo la kuahirisha lenye nguvu kuliko ajali kumi. Feliki alijua maisha ni mafupi kama tujuavyo sisi. Aliahirisha kwa sababu kesho ilikuwa na pesa ndani.

Zakayo naye? Anaambiwa afanye haraka ateremke kutoka mkuyuni, na wokovu unatangazwa nyumbani kwake siku hiyo hiyo. Katika mazungumzo yao hakuna aliyemtishia kifo. Yesu anataka tu kushinda kwake. Na kabla siku haijaisha, mtoza ushuru ametangaza nusu ya mali ni ya maskini, na aliyemdhulumu atamlipa mara nne. Ningependa kusikia hiyo ikihubiriwa kwenye matatu, kondakta akiwa bado amekalia chenji ya mtu wa kiti cha nyuma.

Tena si kwamba Afrika Mashariki haijawahi kuisikia. Uamsho uliovuma kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukafika Uganda, Kenya na Tanganyika, ndio uliotuachia neno mlokole, kutoka Kiganda. Leo tunalitumia kumcheka mtu asiyekuja klabu. Lakini wale wa mwanzo walijulikana kwa kusimama hadharani kutaja walichoiba na kwenda kukirudisha. Walikuwa na ukali wao na majivuno yao, na majirani waliwachoka. Hata hivyo "leo" yao ilikuwa na risiti.

Sitaki mahubiri yasiyo na "leo." Ukiondoa haraka kwenye wokovu unabaki na ushauri nasaha. Ninachouliza ni haraka ya nani, na hapo namfikiria mwenye shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna bahati na mfano huu, kwa sababu saa zake ni saa zetu, zinahesabiwa kuanzia macheo. Wale vibarua wa mwisho wanaitwa saa kumi na moja, ile saa ambayo foleni za kwenda mtaani zimeanza kujipinda. Wamesimama sokoni siku nzima, na wakiulizwa wanasema hakuna aliyewapa kazi. Hawatishwi na giza. Wanaambiwa waende shambani, na jioni wanalipwa dinari nzima, wale wa alfajiri wakinung'unika. Hesabu safari za mwenye shamba: alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, na hii. Alikuwa na msimamizi ambaye angeweza kumtuma. Mara zote tano alitoka mwenyewe.