Mteja Yuko Wapi?

Nilianza kuitazama Selling Sunset ili niicheke. Kufika msimu wa tatu nilikuwa nabishana na mdogo wangu kwa sauti, nani kamsengenya nani kwenye sherehe ya nani, na kila mmoja ana ushahidi wake. Kwa hiyo sisemi kama mtu aliyepita tu barabarani.

Kwa wasiokijua, ni kipindi cha Netflix kilichoanza 2019, kuhusu mawakala wa Oppenheim Group, kampuni ya mapacha Jason na Brett Oppenheim inayouza majumba ya kifahari Los Angeles. Kila jumba likionyeshwa, maandishi yanatokea kwenye skrini: vyumba vya kulala, mabafu, ukubwa, bei, na kamisheni. Hiyo kamisheni ilinishtua. Madalali wetu wa Dar wana kitu kinaitwa cha juu, na cha juu hukijui mpaka unahama. Hawa wanakiandika wazi! Nikasema basi, hawa ni waaminifu.

Hapo ndipo niliponaswa. Tarakimu ile imewekwa kama magoli kwenye ubao wa uwanjani. Unajikuta unaomba iwe kubwa, unashangilia, na hujiulizi hata mara moja inatoka mfukoni kwa nani.

Ukikisoma kipindi kama unavyosoma riwaya, kuna mhusika aliyefutwa: mteja. Anaingia, anasifia bwawa la kuogelea, anatoka. Mara nyingine nyumba iko mikononi mwa wakala mmoja na mnunuzi kaletwa na mwenzake wa ofisi ileile. Sheria ya California inaruhusu ofisi moja kusimama pande zote mbili, ila pande zote zielezwe na kukubali kwa maandishi. Kwangu mimi hapo ndipo penye hadithi, maana mtu anayemtaka muuzaji apate zaidi na mnunuzi alipe kidogo anaupasuaje moyo wake? Kipindi kinaharakisha kwenda kwenye ugomvi wa nani alialikwa chakula cha mchana.

Muundaji wake ni Adam DiVello, yuleyule wa The Hills. Tamati ya The Hills, mwaka 2010, gari linaondoka, kijana anabaki anatazama, halafu milima ya nyuma yake inasogezwa: lilikuwa pazia, wako ndani ya uwanja wa studio. Yaani tulishaambiwa. Na mwaka 2012 mshiriki mmoja wa House Hunters alieleza kwamba nyumba "waliyoichagua" walikuwa wameshainunua, na zile nyingine zilikuwa za marafiki. House Hunters kikaendelea kama kawaida.

Kwa nini? Kwa sababu tunachokiamini si nyumba, ni sura. Chrishell Stause alitoka kwenye tamthilia za televisheni, na ndoa yake ilipovunjika tulilia naye. Ukishalia na mtu, kumuuliza habari ya mkataba kunakuwa kama kukosa adabu.

Nikitendee haki, kuna simulizi moja ninayoiheshimu: nyumba ya dola milioni 75 aliyopewa Davina Potratz. Wenzake wanamwambia bei imezidi, yeye anashikilia, misimu inapita, nyumba haiuziki. Mwenye mali anataka tarakimu fulani na wakala anaogopa kumpoteza: huo ndio udalali wenyewe, mtupu. Wahariri wakaugeuza kichekesho cha kumzomea Davina.

Wakati huohuo, nje ya skrini, jambo lilikuwa linachemka. Oktoba 2023 baraza la wazee wa mahakama huko Missouri liliamua kwamba chama cha kitaifa cha mawakala wa nyumba cha Marekani na baadhi ya kampuni kubwa walikula njama kupandisha kamisheni. Machi 2024 chama kikakubali kulipa dola milioni 418, na tangu Agosti mwaka huo mnunuzi anaandikishana na wakala wake kuhusu malipo kabla ya kutembezwa kwenye nyumba. Kesi nzima ilihusu ile tarakimu tuliyokuwa tukiishangilia.

Mimi mwenyewe nilishalipa ada ya somo hili. Nilipokuwa natafuta nyumba ya kupanga, nilimpata dalali wa Instagram: suti, droni, muziki laini, "karibu sana familia yangu". Nilikuwa nimemfuatilia miezi kadhaa, nikajiona namjua. Nikamtumia hela ya udalali kwa simu kabla sijaiona nyumba. Siku ya kwenda kuiona nikakuta familia nyingine inaishi mle, wana mkataba, wana hata kuku.

Nikarudi kwa mzee wa kijiweni, wa chini ya mwembe, asiyetabasamu. Huyu nilimhoji kama polisi: nyumba ya nani, hati iko wapi, umeongeza kiasi gani. Sura yake haikunidai chochote, kwa hiyo mdomo ulikuwa mwepesi. Mwisho nikamuuliza, "Mzee wangu, wewe hapa uko upande wangu au wa mwenye nyumba?"

Akafikiri kidogo. "Mwanangu, mwenye nyumba namuona kila siku. Wewe nakuona leo. Kwa hiyo mlete mjumbe, tuandikishane."

Tukaandikishana. Hela yake, kodi ya mwezi mmoja, aliipata siku niliyoshika funguo.