Kabati la Vyombo na Ufunguo Wake

Msomaji, ukikaribishwa katika nyumba nyingi za Changamwe, Kisauni au Likoni, utaona sebuleni chombo cha mbao kilichoegemezwa ukutani, kipana, kimo chake kama kifua cha mtu mzima. Chini kina milango na droo. Juu kimetandikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, na juu ya kitambaa pana picha ya arusi, redio na saa ambayo huenda imesimama. Twakiita kabati la vyombo. Katika insha hii nataka kulihukumu kabati hilo, hasa lile la zamani, ambalo siku hizi latafutwa kwa fedha nyingi na watu ambao wazee wao walilitoa uani likanyeshewa. Swali langu ni moja: je, lasaidia watu kula?

Usidhani swali hili ni la mzaha. Chombo cha nyumbani hupimwa kwanza kwa kazi yake, kisha kwa sura yake, na kabati hili lilizaliwa kwa kazi maalumu. Huko Uingereza lilianza kuwa meza ya kando tu, ya kuwekea chakula kabla ya kupakuliwa. Katika karne ya kumi na nane msanifu Robert Adam aliiweka meza hiyo kati ya vishubaka viwili vyenye mitungi juu yake. Baadaye mafundi wakaviunganisha vyote kuwa kitu kimoja. Mwaka 1788 kilitolewa kitabu cha michoro ya George Hepplewhite, fundi aliyekuwa amekwisha kufariki miaka miwili nyuma, na humo twaona kabati lenye miguu myembamba, uso uliopinda kidogo na droo nzito pembeni. Droo moja yaweza kutandikwa risasi ndani ili itiwe maji bila kuharibu mbao. Tazama akili iliyomo katika kazi hiyo! Kila sehemu yajua kwa nini ipo, na miguu mirefu yamruhusu mwenye ufagio kupita chini bila kuhamisha kitu.

Wajukuu wa mafundi hao hawakuwa na kiasi. Katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 lilionyeshwa kabati la mwaloni lililochongwa picha za ziara ya Malkia Elizabeth I katika ngome ya Kenilworth mwaka 1575. Ufundi wa mikono iliyolichonga ni wa ajabu, nami siudharau. Walakini mtu aliyesimama mbele yake hakumbuki tena kwamba ana njaa. Makabati marefu ya msaji yaliyotoka Denmark baada ya Vita Kuu ya Pili yalirudi katika adabu ya kwanza: hayana nakshi, yana mbao nzuri na milango inayoteleza. Kwa macho yangu hayo ndiyo bora kuliko yote yaliyofanywa katika karne ya ishirini.

Sasa turudi pwani yetu. Wazee wetu hawakuwa na chumba cha kulia. Mkeka ulitandikwa, birika na bakuli la kunawia vikapitishwa, sinia ikawekwa katikati, kawa ikafunuliwa, watu wakala pamoja. Walakini asikwambie mtu kwamba kupanga sahani ili zitazamwe ni tabia tuliyoiga kwa Wazungu. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka, safu kwa safu, zilizochongwa katika lipu ya ukuta, na humo ziliwekwa sahani na mabakuli ya kauri kutoka Uchina. Huko Gedi, mji wa kale ulioandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, machimbo yaliyoanzishwa na James Kirkman mwaka 1948 yalitoa vyombo vya Kichina kwa wingi, hata nyumba moja ikaitwa kwa jina la bakuli la kauri. Mambrui liko kaburi la mnara lililopambwa kwa mabakuli kama hayo. Basi kupenda chombo kizuri kionekane ni jambo la kale sana kwetu.

Lakini kidaka hakina mlango. Mkono ukinyoshwa, sahani yapatikana. Kabati lililotujia lilikuja na kitasa, nacho hakikuwekwa bure: kilimlinda mwenye nyumba na watumishi wake. Divai, sukari na vijiko vya fedha vilifungiwa humo, na ufunguo ukakaa kwa bibi wa nyumba.

Nalijua jambo hili kwa sababu ya babu yangu. Alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu mmoja huko Kizingo. Miaka mingi alilipangusa kabati la mahogani ambalo ufunguo wake hakuwahi kuushika. Mwaka 1964 bwana wake aliporudi kwao, alimwachia kabati hilo na sahani kumi na mbili badala ya mshahara wa miezi miwili. Babu alilipandisha katika mkokoteni, akalivusha kwa feri mpaka Likoni. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alitia ufunguo mfukoni mwake. Je, msomaji, utamlaumu kwa kuwa hakuutoa tena?

Alipofariki mwaka 2001 nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mbili. Nyumba ilijaa watu wa matanga. Sinia na sahani ziliazimwa kwa majirani, na hazikutosha. Wengine walingoja wenzao wamalize. Nami nilikuwa nimekaa nimeegemea kabati, na nyuma ya mgongo wangu zilikuwapo sahani kumi na mbili ambazo hazijapata kutiwa wali. Ufunguo ulikuwa umefungwa katika pindo la leso ya bibi. Nilipomwuliza baadaye, alinijibu, "Mjukuu wangu, zile si sahani. Ni mshahara wa babu yako."

Jibu hilo nimelifikiri miaka mingi, nami silidharau hata leo. Hata hivyo, kama mhakiki, sina budi kusema kwamba siku ile kabati lilishindwa kazi yake, na fundi aliyelifanya angeona haya.

Miaka michache iliyopita alikuja mfanyabiashara wa vitu vya kale. Aligonga mbao kwa kidole, akavuta droo, akatazama meno ya mbao yaliyopishana pembeni kama vidole vya mikono miwili iliyoshikana, kisha akataja bei iliyomfanya binamu yangu asimame. Alisema ataling'arisha, atabadili vishikio, nalo litapelekwa hotelini kuwekewa maua. Binamu aliona tuuze tununue jipya. Nilimwonyesha kabati jipya la jirani, la unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi: hewa yetu yenye unyevu wa bahari ilikuwa imekwisha kulivimbisha miguu. Kwa haki niseme kwamba hata makabati ya kale yana ugonjwa wao hapa, kwani yale yaliyovikwa ubao mwembamba juu ya mbao duni hubanduka gundi ikilegea. La babu ni mahogani tupu.

Bibi alitusikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akafungua fundo la leso, akampa mke wa binamu ufunguo, akamwambia azioshe zile sahani kwa maji ya moto, kwa kuwa keshokutwa ni Idd na wageni watakuwa wengi. Tulikula pilau katika sahani hizo, wengine mezani, bibi na wenzake mkekani. Mtoto mmoja aliangusha moja sakafuni. Bibi aliviokota vigae mwenyewe, akavitia katika droo ya kushoto. Zimebaki kumi na moja, na mlango haufungwi tena.